Sauti Iliyokata Masikio Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Nyaya za Spika, Tanga

Usuli

Kisa hiki kinahusu mfumo wa muziki wa nyumbani ulioko Tanga mjini, katika nyumba iliyo upande unaopigwa na upepo wa bahari. Mwenye nyumba ni mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekusanya kanda na santuri za muziki wa Tanga yenyewe: dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star, ile iliyolipatia gitaa la umeme na besi nafasi yao katika taarabu ya pwani. Mkusanyiko huo ameuhamishia kwenye kompyuta kanda baada ya kanda, na kila jioni baada ya Isha huketi kusikiliza. Jina lake, mtaa wake na chapa za vyombo vyake nimeviacha, na wahusika wengine nimewataja kwa nafasi zao tu.

Vyombo vyenyewe si vibaya. Ana amplifaya ya stirio iliyo nzima na spika mbili za kusimama sakafuni, kila moja ikiwa na wufa, yaani kipaza kikubwa cha sauti za chini, na twita, kile kidogo cha sauti za juu, yenye kuba la alumini. Nyuma ya kila spika kuna vishikizo vinne vya nyaya, viwili vya wufa na viwili vya twita, vilivyounganishwa kwa vipande vifupi vya bati. Msomaji avikumbuke vishikizo hivyo, kwa kuwa vitarudi mbele.

Sebule ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta, sakafu ni ya marumaru, dari ni ya jipsamu, viti ni vya mbao vyenye mito myembamba. Kuna madirisha mawili makubwa ya luva na mlango unaofungukia barazani. Zulia halikuwepo.

Malalamiko

Mzee aliniita kwa neno moja ambalo kila fundi wa sauti amewahi kulisikia: "Fundi, sauti inanikata masikio." Nilipomtaka anieleze zaidi, alieleza kwa ufasaha. Herufi "s" katika sauti ya mwimbaji wa kike ilikuwa ikipiga mluzi. Nyuzi za kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, zilimchoma kama sindano. Besi ilikuwapo lakini ilionekana kukaa mbali, na baada ya nusu saa alilazimika kuzima, si kwa sababu ya kuchoka na muziki bali kwa sababu ya kichwa kuuma.

Muuzaji mmoja wa vifaa alikwisha kumpa dawa. Alimwambia kwamba nyaya ndizo zenye tabia, kwamba madini ya fedha hung'arisha sauti na shaba safi huipooza, na kwamba kuna nyaya maalumu za kutoka nje zitakazomaliza tatizo. Bei yake ilikaribia bei ya amplifaya. Mzee hakuniita nimtafutie ugonjwa. Aliniita nimchagulie moja kati ya aina tatu alizoorodheshewa.

Tukiwa tunazungumza, mama mwenye nyumba aliingia na kahawa, akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema: "Mbona mchana haina ukali huu? Ni usiku tu, tukishafunga madirisha kwa ajili ya mbu." Mzee akamjibu kwamba usiku umeme huwa mchafu, watu wote wakiwa wamewasha vitu vyao. Nikatikisa kichwa kukubaliana na mzee. Katika daftari langu sikuandika neno lolote juu ya madirisha.

Ziara ya kwanza

Nilianza na nyaya zilizokuwapo, kwa kuwa ndizo nilizoitiwa. Zilikuwa jozi za waya mwembamba wa kung'aa, wa aina inayouzwa kwa mita madukani, wenye unene wa milimita za mraba 0.75. Kila upande ulikuwa na urefu wa mita 9, maana zilizungushwa juu ya fremu ya mlango ili zisionekane. Nilipofungua kishikizo cha spika ya kushoto, ncha ya waya ilitoka na vumbi la kijani. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kupanda ndani ya ganda kwa kiasi cha upana wa vidole vitatu, na nyuzi zilizokuwa chini yake zilikuwa nyeusi na zikikatika kwa kuguswa. Nikakata hadi penye rangi nzuri, nikauchukua uzi mmoja na kuukwangua kwa wembe. Ngozi ya shaba ikabanduka, na chini yake ikaonekana metali nyeupe.

Huo ndio waya wa alumini uliovishwa shaba. Umejaa sokoni kwa sababu ni mwepesi na rahisi, na kwa macho hautofautiani na shaba, lakini huupinga umeme kwa takriban mara moja na nusu ya shaba halisi ya unene uleule. Mnunuzi hana sababu ya kudanganyika: wembe unatosha, na hata uzito wa mviringo mkononi husema.

Kwa mita ya kawaida ya kupimia umeme huwezi kupima kwa uhakika ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huupinga umeme, ulio chini ya omu 1, kwani nyaya za mita yenyewe zina ukinzani wa kiasi hichohicho. Kwa hiyo niliunganisha ncha mbili za mwisho wa waya, nikapitisha mkondo wa ampea 1 kwenda na kurudi, kisha nikapima volti zilizopotea njiani. Zilikuwa milivolti 700. Kwa mkondo wa ampea 1, maana yake ni ukinzani wa omu 0.7. Kanuni inayofuatwa sana na mafundi ni kwamba waya mzima, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Kwa spika iliyoandikwa omu 8, kikomo ni omu 0.4. Waya huu ulikuwa umekipita mbali.

Siku hiyohiyo niliweka waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 2.5, wa kawaida kabisa, nikaupitisha ukutani chini badala ya juu ya mlango, na urefu ukashuka hadi mita 5 kila upande. Ukinzani ulipimwa omu 0.07. Ili kufika nyuma ya spika niliziburuta kutoka mahali pake, na nilipomaliza nikazirudisha kwa kukadiria. Mzee akasikiliza huku madirisha yakiwa wazi, saa kumi alasiri, akasema: "Sasa umeniponya, mwanangu." Nikaondoka nikiamini hivyo.

Baada ya siku nne alinipigia simu. Ukali ulikuwa umerudi, umepungua kidogo lakini upo, na sasa alikuwa na hakika kwamba kama waya wa kawaida umeleta nafuu kidogo, basi waya ghali utaleta nafuu yote.

Ziara ya pili

Safari hii nilikwenda usiku. Nilipima kwanza ukinzani wa spika zenyewe katika masafa mbalimbali, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde (Hz), kwa kuweka rezista, kijipande chenye ukinzani maalumu, ya omu 10 katika mfuatano na spika na kutumia programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayoyataka. Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 popote, isipokuwa pale inapopita njiani kwenda juu au chini. Hii ilishuka hadi omu 4.5 karibu na Hz 200, ikapanda hadi omu 22 karibu na Hz 2,000, mahali ambapo wufa inamwachia twita kazi, kisha ikatulia kwenye omu 6.5 karibu na Hz 10,000.

Namba hizi ndizo zilizonifundisha zaidi katika kisa chote. Waya na spika hugawana volti za amplifaya kwa uwiano wa ukinzani wao. Penye ukinzani mdogo wa spika, waya mbaya hunyang'anya sehemu kubwa, na penye ukinzani mkubwa hunyang'anya kidogo. Kwa waya wa zamani wa omu 0.7, sauti za Hz 200, yaani mwili wa sauti ya mwanamume na nyama ya gitaa, zilipoteza takriban desibeli 1.3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sauti za Hz 2,000, pale sikio la binadamu linapoanza kuwa kali kuliko popote, zilipoteza takriban desibeli 0.3 tu. Tofauti ni desibeli 1 nzima, imeenea katika eneo pana, na kwa upana huo inasikika. Waya ule mwembamba ulikuwa ukiongeza ukali. Kwa waya mpya wa omu 0.07, tofauti hiyohiyo inashuka hadi desibeli 0.1.

Watu wengi huamini kwamba waya mwembamba hupunguza sauti za juu na kwamba ukitaka upole utumie waya hafifu. Kwa spika hii ingekuwa kinyume kabisa. Spika nyingine yenye umbo jingine la ukinzani ingeweza kutoa jibu jingine, na ndiyo sababu ushauri wa kuchagua waya kwa "tabia" yake, bila kuijua spika itakayofungwa, hauna msingi.

Mzee alikuwa ameazimwa jozi ya nyaya ghali kwa wiki moja. Sikutaka kubishana naye kwa namba peke yake, kwani aliyeumia masikio ni yeye. Nikapendekeza jaribio. Nyaya ghali na nyaya zangu za mita 5 zilipimwa na kuonekana kuwa na ukinzani unaokaribiana mno. Mjukuu wake alikaa nyuma ya pazia karibu na amplifaya, akirusha sarafu kuamua ni waya gani ufungwe, akiandika bila kusema. Mimi nilikaa barazani ili uso wangu usitoe jibu. Mzee alisikiliza kipande kilekile cha taarabu cha dakika moja mara 10, na kila mara alitamka ni waya upi. Alipatia mara 5.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Basi masikio yangu yananidanganya?" Nikamwambia hapana, Mzee wangu. Katika mara zote 10 alisema sauti ilikuwa kali, na katika mara zote 10 alisema kweli.

Madirisha

Hapo ndipo maneno ya mama yaliponirudia. Nilisimama katikati ya sebule, madirisha yakiwa yamefungwa, nikapiga kofi moja. Sauti ilijibu kwa mtetemo mfupi wa metali, kama mtu aliyekwangua kitana. Nikafungua luva zote na mlango wa baraza, nikapiga tena. Mtetemo ulikuwa umepungua sana. Tukacheza kipande kilekile kwa waya uleule, na mzee akainua mkono bila kuulizwa.

Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard nchini Marekani, alipewa kazi ya kuuponya ukumbi wa mihadhara ambao wasikilizaji hawakuweza kuelewa kilichosemwa ndani yake. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku kwa usiku, akapima kwa saa ni muda gani mlio wa filimbi ya kinanda huchukua kufifia, na kipimo alichokichagua cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti inayotoka dirishani hairudi. Mama wa nyumba hii alikuwa amenipa kipimo cha Sabine pamoja na kahawa.

Kwa hesabu yake, muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti. Sebule hii ina ujazo wa mita za ujazo 60. Ikiwa imefungwa, nilikadiria umezaji wa mita za mraba 7 kwa sauti za kati na za juu, ambao ni mwangwi wa karibu sekunde 1.4. Kwa kufungua madirisha na mlango, takriban mita za mraba 4 ziliongezeka, na mwangwi ukashuka hadi chini kidogo ya sekunde 0.9. Hakuna waya unaoweza kukaribia badiliko la ukubwa huo.

Maamuzi na sababu zake

Waya ghali ulirudishwa kwa mwenyewe. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulibaki, kwa sababu tatu: ni shaba halisi, ukinzani wake ni mdogo vya kutosha hata pale spika inaposhuka hadi omu 4.5, na unapatikana Tanga pindi ncha zikila chumvi. Kwenda kwenye milimita za mraba 4 kungepunguza desibeli 0.1 iliyobaki kuwa zaidi kidogo ya nusu yake, jambo ambalo halistahili shilingi hata moja kwa urefu wa mita 5. Kuhusu madini ya fedha, hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu, na kiasi hicho unakipata kwa kufupisha waya wa mita 5 kwa sentimita 30. Ule upinzani mwingine wa waya unaoongezeka kadiri masafa yanavyopanda, kwa urefu huu na spika hii, haufiki hata sehemu ya kumi ya desibeli.

Chumba kilitakiwa kumeza sauti huku madirisha yakiwa yamefungwa. Jaribio la kwanza lilikuwa zulia la mkonge, na katika mji wa mkonge hilo lilikuja lenyewe. Halikusaidia vya kutosha, kwani mkonge uliosukwa bapa na kulazwa moja kwa moja juu ya marumaru humeza kidogo mno. Zulia hilo lilihamia chumba kingine na likaja la manyoya mazito, la mita za mraba 6, kati ya spika na kiti. Kwa kuta tuliagiza kwa mshona magodoro vigodoro vinne vya sufi, kila kimoja mita 1.8 kwa 0.9, unene wa sentimita 10. Mama alichagua kanga za kuvivisha. Kanga peke yake ikitundikwa ukutani haimezi kitu, lakini kama ganda ni nzuri sana, maana ukiipuliza kwa mdomo hewa hupita, na penye kupita hewa sauti nayo hupita hadi kwenye sufi.

Mahali pa kuvitundika tulipapata kwa kioo. Mjukuu alikitelezesha kioo ukutani kwa usawa wa twita, na mzee aliyekaa kitini alisema "hapo" kila alipoiona twita ndani yake. Pale ndipo sauti hudunda mara ya kwanza kuelekea masikioni. Vigodoro viliachiwa nafasi ya upana wa vidole vitatu kutoka ukutani, ili vimeze pia sauti za chini kidogo.

Spika zilikuwa zimeelekezwa moja kwa moja masikioni. Twita hutoa ukali wake wote mbele yake na hupungua kadiri unavyotoka kwenye mstari huo, kwa hiyo tuliziachia nyuso zitazame nje kidogo ya mabega ya msikilizaji.

Mwisho kabisa, vile vishikizo vinne. Kama kweli mtu anataka waya upunguze sauti za juu, ukinzani lazima uwekwe kwenye njia ya twita peke yake, wala si kwenye njia ya wote wawili. Niliondoa kipande cha bati upande wa chanya, na badala yake nikafunga rezista ya omu 1 ya wati 10. Kwa twita ya omu 6.5, hiyo ni punguzo la takriban desibeli 1.2, bila kuigusa wufa. Bei yake ni kama ya kikombe cha chai, na inaondolewa kwa bisibisi.

Matokeo

Mwangwi wa sebule iliyofungwa, kwa hesabu ileile, umeshuka hadi karibu sekunde 0.7. Nilipopiga kofi, ule mkwaruzo wa kitana haukuwapo. Mzee husikiliza sasa saa mbili mfululizo. Alinionyesha jambo nililokuwa sijalisikia mimi mwenyewe, kwamba katika rekodi moja ya zamani ya taarabu mpiga fidla huvuta pumzi kabla ya kuanza. Kanda chache za dansi bado ni kali, na zitabaki hivyo, kwa sababu ukali umo ndani ya kanda.

Uchambuzi

Kilichofaa ni kupima kabla ya kununua. Mtihani wa ampea 1 ulichukua dakika chache na ukatenga tatizo halisi la waya, lililokuwepo, na tatizo la kusadikika. Jaribio la nyuma ya pazia lilifaa kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa mwamuzi. Ningemkataza kwa maneno, angenunua nilipoondoka.

Kilichoshindikana ni ziara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Nilibadilisha mambo manne kwa wakati mmoja: waya, urefu wake, mahali pa spika, na saa ya kusikiliza. Pia nilimwambia mteja nilichokifanya kabla hajasikiliza. Nafuu aliyoisikia ilikuwa ya kweli, lakini sehemu yake kubwa ilitoka kwenye madirisha yaliyokuwa wazi alasiri ile, nami nikaihesabu kuwa ya waya. Kosa hilo lilimsogeza mzee karibu zaidi na kununua waya ghali.

Kubwa kuliko hilo, maelezo bora ya tatizo yalitolewa siku ya kwanza na mtu ambaye hakuwa ameniita, nami nikayaacha kwa sababu hayakuhusu nyaya. Siku hizi swali langu la kwanza ni kama sauti hubadilika kati ya mchana na usiku, na ninawauliza wote wanaoishi ndani ya nyumba.

Limebaki jambo moja ambalo kisa hiki hakikulijibu. Vigodoro, mwelekeo wa spika na rezista viliingia katika wiki moja, kwa kuwa mzee alikuwa amesubiri vya kutosha. Kwa hiyo siwezi kusema kila kimoja kimechangia kiasi gani. Tumekubaliana kwamba nitakapokwenda kukata na kumenya upya ncha za nyaya, kazi ambayo chumvi inaidai kila mwaka, tutairudisha bati mahali pa rezista kwa jioni moja, mjukuu akiwa nyuma ya pazia na sarafu yake.